Nyayo Kwenye Unga wa Muhogo

Jefwa Kalama alifika Kituo cha Nasaba cha Gede saa tatu na nusu asubuhi, kapu la ukindu mkononi, shati limelowa dawa ya langoni. Lango lilimnyunyizia mara tatu, maana lilinusa mnyama ndani ya kapu na mnyama huyo hakuwa na mhuri. Bi Mbodze Chengo, msajili wa kituo, alimwona kupitia kioo akijifuta uso kwa kiganja, akajua kuwa ametoka nje ya ua wa mji, upande wa msitu. Watu wa mjini huja na miavuli.

Alimkaribisha, akampa taulo, akamuuliza habari za huko. Jefwa akasema za huko si nzuri. Wafagiaji walipita Jumamosi, zile mashine za magurudumu madogo zinazotambaa vichakani zikinusa wanyama wasio na mhuri, na safari hii zilikuja na pua mpya. Paka jike aliyekuwa akilala chini ya ghala lake la mahindi zilimpata, na watoto watatu pamoja naye. Huyu wa nne aliponea ndani ya mtungi uliozikwa nusu, ule ambao hawe yake, bibi aliyemlea, alikuwa akiwekea maji. Jumamosi ijayo zingerudi. Jefwa aliwaza hivi: paka aliyemo kwenye daftari la Gede haguswi na mfagiaji yeyote, basi na huyu aandikwe.

Mbodze akamweleza nusu ya pili ya sheria, ile ambayo watu wa nje hawaijui mpaka wameshaingia. Mnyama wa msituni akivuka lango hana njia ya kurudi. Akipimwa akafaulu, anaandikwa na kubaki kituoni. Akishindwa, anachomwa sindano siku hiyohiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hofu ya homa. Jefwa alilitazama kapu, kisha akamtazama yeye, kisha akauliza kama wanaweza kuanza na unga.

Hilo la unga lilimshangaza Mbodze. Nani siku hizi anajua habari za unga? Ndipo Jefwa akasema hawe yake alikuwa Bi Nzingo.

Mbodze akainua macho ukutani. Bi Nzingo ndiye aliyeanzisha kituo, kabla ya maabara, kabla ya ua, enzi za nyumba mbili za udongo na vizimba sita. Picha yake bado ilikuwa ukutani, leso kichwani, uso wa mtu asiyependa kupigwa picha. Mbodze alikuwa amefanya kazi chini yake miaka minane na hata sasa, na miaka yake sitini na miwili, alipokosea jambo alimsikia akiguna.

Chumba cha unga kilikuwa pale pale nyuma ya jiko. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyeusi, urefu wa hatua tano. Mbodze alichukua chekeche, akaitikisa polepole akirudi kinyumenyume, mpaka unga wa muhogo ukalala sakafuni mwembamba na sawa. Mwisho wa chumba akaweka kisahani cha dagaa. Jefwa akafungua kapu.

Akatoka paka wa miezi minne hivi, mwembamba, miguu mirefu, kichwa kidogo kuliko inavyopasa, manyoya mafupi yenye mabaka ya kahawia na meusi yaliyochanganyika kama gome la mti mkavu. Watu wa hapa waliwaita paka hawa wa Sokoke kadzonzo, yaani gome, kwa sababu ya rangi hiyo. Alisimama, akanusa unga, akapiga chafya. Kisha akaenda kwenye dagaa bila haraka yoyote, makalio juu, akichuchumia miguu ya nyuma kana kwamba sakafu ina moto.

Mbodze alipiga magoti na kioo chake cha kukuzia. Paka wote hutembea kwa vidole, hilo si ajabu. Lakini nyuma ya vidole kuna mto wa nyama, na paka wa kawaida huukandamiza wote chini. Wa Sokoke, kwa jinsi mguu wake wa nyuma ulivyonyooka, hugusa ukingo tu. Pale kituoni waliuita mto huo kisigino, ingawa si kisigino, na Bi Nzingo hakuwahi kuandika jina la paka kabla ya kukitazama kisigino chake. Nyayo za yule mdogo zilikuwa vidole vinne na kialama chembamba kama ukucha. Moja, mbili, kumi, zote vilevile mpaka kwenye kisahani. Mbodze alikuwa hajaona nyayo safi namna ile kwa miaka isiyopungua ishirini, na furaha iliyomshika pale sakafuni ilimfanya acheke peke yake.

Unga lakini ulikuwa umebaki mila tu. Mwenye neno sasa alikuwa Msomaji, mashine ya kupima damu.

Kwa asiyewajua paka hawa, habari yao ni fupi. Mwaka wa 1978, shambani karibu na msitu wa Arabuko Sokoke, mwanamke mmoja alikuta paka wa mwituni mwenye watoto, akapenda rangi zao, akawafuga. Baada ya miaka michache baadhi yao walivuka bahari mpaka Denmaki, wakawa na vyeti na majina marefu. Huko Ulaya walisifiwa kwa mambo ambayo watu wa huku waliyajua zamani: hawapendi baridi, wanaongea sana, wanamshika mtu mmoja na kumfuata chumba kwa chumba, na dume haondoki watoto wakizaliwa, hukaa nao akiwalamba kama mama yao. Miaka mingi ikapita. Ikaja homa ya wanyama wa nyumbani, ikaua watu kwa maelfu, na miji ikajizungushia ua. Sheria iliyotoka baada ya hapo ilikuwa nyepesi kuisema: mnyama ambaye damu yake haijulikani yote, tangu mababu, asiishi na watu. Mwenye daftari akabaki. Asiye na daftari akafagiliwa.

Na ili kuijua damu, kila uzao ulihitaji kipimo mama, yaani damu ya mnyama mmoja ambayo kwayo wengine wote hupimwa. Kwa paka wa Sokoke kipimo hicho kilikuwa damu ya dume aliyeitwa Gome, iliyotolewa hapo Gede miaka arobaini iliyopita. Paka wote mia mbili na kumi na mmoja wa kwenye daftari walikuwa wamelinganishwa naye. Anayefika tisini kwa mia ni wa Sokoke. Wa themanini na tisa ni paka tu.

Mbodze alimtoa yule mdogo tone moja sikioni, akalitia kwenye kioo cha Msomaji, wakakaa kungoja. Hapo ndipo paka wake mwenyewe, Kibuyu, alipojitokeza kutoka chumba cha ndani, akakatiza juu ya unga uliobaki, akaja kumwegemea mguuni. Kibuyu alikuwa na miaka tisa. Mumewe Mbodze alipofariki, paka huyu ndiye aliyelala mlangoni pa chumba chake majuma mawili, akila pale tu Mbodze alipokula na kuacha alipoacha. Katika daftari zima hakuna aliyemfikia: Msomaji alimpa tisini na saba.

Jefwa aliinama akazitazama nyayo zake kwenye unga. Zilikuwa nyayo za duara, kisigino kizima. Akauliza, kwa adabu tu, huyu naye ametoka wapi. Mbodze akamwambia huyo ndiye wa kwanza katika daftari, na kwamba mambo ya unga huwa na makosa yake. Jefwa akaitikia kwa kichwa, ila hakuacha kuzitazama.

Msomaji akatoa jibu kwa sauti yake ya upole. Sitini na moja.

Mbodze akarudia. Tone jingine, kioo kingine. Sitini na moja.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Jefwa hakupiga kelele wala hakuomba. Alikaa kwenye benchi, yule mdogo mapajani, na kwa kuwa hakujua namna ya kuondoka akaanza kuongea. Alisema alizaliwa hapahapa kituoni, katika nyumba ya pili, na alikuwa na miaka saba wakati ule Gome akiwa hai. Alikumbuka hawe yake akiwafukuza watoto karibu na kizimba cha Gome kwa ufagio. Alikumbuka mpishi, Mzee Tsofa, na ugali wake uliokuwa na uvimbe. Akakumbuka na paka wa jikoni, jitu la paka, jizi la samaki, aliyelala juu ya mafiga yakishapoa.

Mbodze akasema anamkumbuka. Aliitwa Sabuni. Alikuwa ndugu yake Gome.

Jefwa akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Ndugu wapi, mama. Watu walisema hivyo kwa sababu ya rangi. Sabuni alikuja na Mzee Tsofa kutoka Mombasa, ndani ya boksi la sabuni. Ndiyo maana wakamwita vile. Mimi ndiye niliyemtoa boksini, akanikwaruza hapa."

Akaonyesha kovu dogo kwenye kifundo cha mkono. Mbodze alilitazama kovu hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, kisha akainuka, akasema anakwenda kuandaa chai, akaingia jikoni na hakuwasha jiko.

Siku ile ya kuchukua damu ya Gome, Mbodze alikuwa na miaka ishirini na miwili. Fundi mpya, sanduku la mirija begani, ametumwa na Baraza linalosimamia madaftari kuichukua damu hiyo na kurudi nayo kabla ya jua kuzama. Gari lilikuwa langoni na dereva alikuwa amekwisha piga honi. Lakini Gome alikuwa na watoto wa siku kumi na nne, na Bi Nzingo alikuwa na desturi yake: dume anayelea haguswi na mkono wa mgeni mpaka siku ya arobaini. Akiguswa huwakimbia watoto, nao hufa. Bibi yule alisema arudi baada ya siku ishirini na sita. Akasema mara moja tu, akaendelea kuchambua mboga.

Kuvunja desturi ya Bi Nzingo, Mbodze hakuthubutu. Kurudi mikono mitupu kwenye kazi yake ya kwanza, hakuthubutu vilevile. Akapita jikoni kuaga, na juu ya mafiga kulikuwa na paka mwenye rangi zilezile, ambaye kila mtu alimwita ndugu yake Gome. Ndugu mmoja, damu moja, alijiambia, si neno. Msomaji wa siku zile alikuwa kisanduku kidogo cha mkononi. Kiliuliza swali ambalo hakuna sampuli iliyopita bila kuulizwa: je, damu hii imetoka kwa mnyama aliyetajwa, mbele ya macho yako? Akasema ndiyo. Alikusudia kurudi siku ya arobaini afanye sawasawa. Siku ya thelathini Gome akaumwa na nyoka, akafa.

Miaka arobaini Mbodze aliibeba habari hiyo kama kosa dogo, la aina ambayo mtu humsimulia mwenzake baada ya kustaafu na wote wakacheka. Ndugu badala ya ndugu. Sasa, akiwa amesimama mbele ya jiko la baridi, aliona kilichotokea hatua kwa hatua, na hakukuwa na cha kucheka. Majike ya kweli yaliyobaki wakati ule yalipimwa kwa damu ya paka wa boksi la sabuni, yakaonekana ndiyo yenye kasoro, yakanyimwa waume. Waliofanana na Sabuni wakazalishwa, na watoto wao waliofanana naye zaidi wakazalishwa tena. Ndiyo sababu nyayo safi zilipungua mwaka hadi mwaka. Ndiyo sababu Kibuyu alikuwa wa kwanza.

Na kulikuwa na wale wa msituni. Alikwenda ofisini, akafungua kabati, akatoa jalada la walioshindwa. Aliwahesabu mara mbili. Kumi na saba waliletwa kutoka nje ya ua katika miaka hiyo, na karibu na kila jina, kwa mwandiko wake mwenyewe, lilikuwa neno lilelile: unga safi, damu hapana. Kumi na saba, na sindano zote alizichoma yeye, akiwashika vizuri ili wasiogope.

Akarudi, akamsimulia Jefwa yote. Hakujitetea. Jefwa alisikiliza akimkuna yule mdogo shingoni, na Mbodze alipomaliza akauliza jambo moja tu, kama linaweza kurekebishwa.

Linaweza, Mbodze akasema. Aliyetia saini kipimo mama anaweza kukiondoa, yeye peke yake, wakati wowote, kwa kujibu upya swali lile. Na ibara ya tisa ya sheria, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria farasi, inasema uzao uliopoteza kipimo utarudi kwenye namna ya utambuzi iliyotumika kabla yake. Yaani unga. Yule mdogo angeandikwa leo hii. Lakini paka wote wa daftari wangeitwa wapite upya, mmoja mmoja, na Mbodze aliwajua kwa mwendo. Nusu yao, pengine zaidi, walikuwa na kisigino kizima. Wangetolewa. Wa mjini akitolewa hachomwi sindano, hupewa siku tisini kutoka nje ya ua, na nje ya ua kuna wafagiaji. Na paka hao wana majina. Wanalala vitandani na watoto wa watu.

"Na asipojibu mtu?" Jefwa akauliza.

"Asipojibu mtu, huyu ni wa kumi na nane. Na wa mwisho, kwa unavyoniambia habari za huko."

Walikaa hivyo mpaka saa sita ikapita. Mbodze alipika chai, safari hii kweli, wakanywa. Alijua hakuna anayejua ila wao wawili, na Jefwa hakuwa mtu wa kuitangaza. Alijua pia kuwa mwakani angestaafu, na msajili ajaye angemkuta Sabuni kwenye mashine akiitwa Gome, angemwamini, na baada ya hapo pasingekuwa na mtu duniani wa kujibu vingine. Kibuyu alikuwa amelala juu ya kiatu chake. Alimwonea uchungu, akashikwa na hasira pia, hasira kwa msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye sanduku begani ambaye angeweza tu kusema, nimerudi bila kitu, bibi alikataa.

Saa saba na robo aliutoa mguu wake taratibu, akaenda mbele ya Msomaji, akafungua jalada la kwanza kabisa. Msomaji akauliza alichouliza siku ile, kwa maneno yaleyale.

"Je, damu hii imetoka kwa mnyama aliyetajwa, mbele ya macho yako?"

"Hapana," akasema Mbodze.

Msomaji akamtaka athibitishe. Akathibitisha. Kisha akamtaka amtaje mnyama ambaye damu ilitoka kwake, na Mbodze akasema Sabuni, paka wa jikoni, mali ya mpishi. Msomaji akaandika, akasema wamiliki mia mbili na kumi na mmoja wataarifiwa, na kwamba Baraza litamwandikia msajili barua kuhusu mwenendo wake. Halafu akamshukuru kwa uaminifu.

Yule mdogo akaandikwa saa saba na nusu. Nambari moja, jike, unga safi. Akapigwa mhuri sikioni, akalia kidogo, akaenda zake kula dagaa waliobaki. Jefwa alifuta macho kwa taulo ileile iliyolowa dawa, jambo ambalo halishauriwi, na yakazidi kutoka machozi.

Lilibaki moja. Ibara ya tisa ilimtaka msajili aanze na mnyama wake mwenyewe, siku hiyohiyo, mbele ya shahidi. Mbodze akachukua chekeche. Alichunga unga upya kutoka mwisho hadi mwanzo, sawa kabisa kama alivyofundishwa, akaweka dagaa, akamwita Kibuyu kwa jina. Akaja. Hakuwa na wasiwasi wowote, alikuwa akiitwa na mtu wake. Alipita katikati ya sakafu nyeusi mkia juu, akiongea, na nyuma yake nyayo zikabaki moja moja, za duara, kisigino kizima.

Jefwa alikuwa amegeuka dirishani. Alisema yeye macho yake yanawashwa na dawa, haoni vizuri, na kwamba mtu akimwambia ameona nini atatia saini hichohicho.

Mbodze alimwelewa. Alishika kalamu, na kwa muda ambao chai ilipoa kikombeni hakuandika. Kisha akaandika: Kibuyu, dume, miaka tisa, kisigino kizima, hapana. Akamsogezea Jefwa daftari. Jefwa akasoma, akatia saini.

Kibali cha Jefwa cha kuingia mjini kilikuwa cha siku moja, na kingine hutoka baada ya miezi sita, siku tisini za Kibuyu zikiwa zimekwisha. Hilo wote wawili walilijua, hakuna aliyelisema. Jefwa aliliweka kapu sakafuni, mdomo wazi, akajishughulisha na kufunga kamba za viatu vyake. Kibuyu akalinusa. Lilikuwa na harufu ya dagaa na ya yule mdogo. Akaingia, akajizungusha mara mbili, akalala.

"Ule mtungi bado upo, mama," Jefwa akasema, akiwa bado ameinama. "Ni mkubwa. Na mimi Jumamosi siendi shambani."

Mbodze akampa masharti, kwa haraka, kama anayemsomea fundi orodha. Hali vichwa vya dagaa. Mvua ikinyesha anataka kufunikwa. Usiku wa baridi asilale chini. Akiongea ajibiwe, si lazima maneno ya maana, ajibiwe tu. Jefwa aliitikia kila moja. Alipofunika kapu, Kibuyu alianza kuongea humo ndani, na Jefwa, akiwa anatoka nalo, akamjibu.

Lango halikumnyunyizia mtu anayetoka. Mbodze alisikia likifunguka na kufungika. Desturi ya Bi Nzingo ilikuwa unga ufagiliwe mara moja, kabla haujaingiwa na sisimizi, na katika miaka arobaini hakuwahi kuuacha. Siku hiyo aliufunga mlango wa chumba kile na kuuacha ulivyo mpaka kesho yake, na alipokwenda kukaa, yule mdogo alimfuata, akichuchumia, akakaa mbali kidogo na kiatu chake.